Mbwa Anapokauka Sauti

Kama uko jikoni, kama uko kwenye kituo cha kuuzia majani chai ukingoja lori, au kama umeketi kupumzika baada ya kuchuma tangu alfajiri, sogea karibu na redio. Waite na watoto wasikilize, kwa maana habari ya leo inawahusu sana.

Leo tunazungumza juu ya mbwa. Hapa kwetu Kericho na Bomet ni maboma machache yasiyo na mbwa. Mbwa hulinda ng'ombe na kuku, huwabwekea wageni usiku, na asubuhi huwasindikiza watoto hadi njiani. Kwa kuwa unaishi naye, unaijua sauti yake. Hata ukiwa kitandani unaweza kusema, "Huyo ni wetu, na huyo mwingine ni wa jirani."

Sasa siku moja unasikia sauti imebadilika. Mbwa anabweka, lakini sauti imekauka. Inakwaruza, inatoka kwa shida, na wakati mwingine inaishia kwa mlio mrefu kama wa kulia. Utafanya nini?

Watu wengi husema, "Mbwa amekwamwa na mfupa." Kisha mwenye mbwa, kwa huruma yake, humshika, humfungua kinywa na kuingiza mkono kutafuta mfupa. Msikilizaji, hapo ndipo hatari ilipo. Huenda ni mfupa kweli. Lakini huenda pia ni ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo hukaa katika mate yale yale unayoyashika. Ukisahau mengine yote nitakayosema leo, usisahau hili: mbwa akikauka sauti, usitie mkono kinywani mwake.

Kwa nini sauti ya mbwa hukauka?

Si kila mbwa aliyekauka sauti ana kichaa. Tuanze na sababu za kawaida. Mbwa aliyebweka usiku kucha hukauka sauti kama mtu aliyeshangilia mpira. Mbwa aliyefungwa kwa kamba au mnyororo unaombana shingo, akawa anavuta siku nzima, naye hukauka. Kuna pia kikohozi cha mbwa, ambacho mbwa huambukizana wao kwa wao. Mbwa mwenye kikohozi hicho hukohoa kikohozi kikavu kama anayetaka kutapika, lakini kwa kawaida anaendelea kula, kunywa na kukutambua wewe mwenyewe. Na kweli wapo mbwa wanaokwamwa na mfupa au kijiti.

Sababu ya kuogopwa ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huletwa na virusi. Mbwa mgonjwa akimuuma mwenzake, virusi huingia pamoja na mate kwenye kidonda, vikaingia katika mishipa ya fahamu, na kupanda polepole hadi kwenye ubongo. Vikishafika kwenye ubongo, huteremka tena hadi kwenye tezi za mate. Wakati huo mishipa inayoongoza koo huanza kupooza. Nyuzi za sauti zikilegea, mbweko hukauka. Misuli ya kumezea ikilegea, mate hayamezeki, basi hutiririka nje. Unaona sasa, msikilizaji? Sauti kukauka na mate kutiririka vinatokana na jambo moja. Ndiyo maana mbwa mwenye kichaa hufanana sana na mbwa aliyekwamwa na mfupa.

Angalia ukiwa mbali

Usimkaribie mbwa huyo. Simama mbali, au nyuma ya mlango au ua, umtazame na ujiulize maswali haya.

Je, anakula na kunywa maji? Je, kinywa chake kinafunga, au taya limelegea na ulimi unaning'inia? Je, mate yanatiririka kuliko kawaida? Je, anatembea sawasawa, au anayumba na miguu ya nyuma inamshinda? Je, anakutambua ukimwita jina? Je, tabia yake imebadilika, yaani mpole amekuwa mkali, au mkali amekuwa mpole ghafla na kujificha gizani? Je, anauma mawe, vijiti, mnyororo au hewa? Je, ametoroka nyumbani na kutangatanga bila sababu?

Kukauka sauti kukiandamana na hata moja ya dalili hizo, mhesabu kuwa ana kichaa mpaka daktari wa mifugo aseme vingine. Usingoje mpaka umwone mkali. Kichaa cha mbwa kina sura mbili. Ya kwanza ni ile tunayoijua sote: mbwa mkali anayekimbia na kuuma kila kitu. Ya pili ni ya kimya. Mbwa hupooza, hulala pembeni, taya limeanguka, na hutia huruma. Hiyo ya kimya inadanganya, maana hakuna anayemkimbia mbwa aliyelala akiugua. Watu humkaribia kumlisha, kumnywesha dawa, au kumtoa huo mfupa.

Wengine husema, "Mbwa wangu hajaumwa na mbwa yeyote." Una hakika? Usiku hutembei naye. Tena tangu mbwa aumwe hadi dalili zionekane, huweza kupita wiki kadhaa au hata miezi, na kidonda kikawa kimepona zamani. Kwetu hapa, mashamba yetu mengi yako karibu na Msitu wa Mau, na mbweha na wanyama wengine wa porini wanaweza pia kuwa na ugonjwa huu.

Mfanyie nini mbwa huyo?

Kwanza, waondoe watoto na mifugo. Pili, kama mbwa yuko ndani ya banda au chumba, funga mlango ukiwa nje. Kama yuko uani, funga lango asitoke. Kama amefungwa mnyororo, mwache hapo hapo. Usijaribu kumkamata kwa mikono. Tatu, mwite afisa wa mifugo wa wadi yako, au umjulishe chifu au naibu wa chifu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe. Hutakuwa unamshtaki mtu. Utakuwa unawaokoa majirani.

Tafadhali msimpige mbwa kichwani wala msimchome moto. Ubongo wake ndio unaopimwa. Afisa wa mifugo akiwa na vifaa vyake huchukua kichwa na kukipeleka maabara, kwa mfano Maabara Kuu ya Mifugo iliyoko Kabete. Kazi hiyo si ya mtu mwingine yeyote. Mbwa akifa kabla afisa hajafika, msimtupe mtoni, msimtupe kwenye majani chai, na msimchune. Mfunikeni kwa kitu ambacho mbwa wengine na kuku hawawezi kukifunua, mkangoje maagizo. Mkiagizwa kumzika, chimbeni shimo refu, na anayemshika avae glavu au mifuko mizito ya plastiki mikononi.

Kama mbwa yu mchangamfu, anakula, anakunywa, na amechanjwa, mlegeze kamba, mpe maji na mahali pa kupumzika. Sauti isiporudi kwa siku mbili au tatu, au ukiona anazidi kudhoofika, mwite daktari wa mifugo. Na kama unaamini ni mfupa, mwache daktari autafute. Hata yeye huvaa glavu kabla hajafungua kinywa hicho.

Na watu je?

Sasa, msikilizaji, tuje kwa mwanadamu. Watu hudhani kwamba kichaa huja kwa kuumwa tu. La. Mate yakiingia kwenye kidonda, kwenye ngozi iliyopasuka, machoni au kinywani, virusi vinaweza kuingia. Hebu tazama vidole vyako wewe unayechuma majani chai. Vimepasuka, vina weusi wa utomvu, na huenda una jeraha dogo la kisu cha kupogolea. Mkono kama huo ukiingia kinywani mwa mbwa, hahitaji kukuuma. Mlango uko wazi.

Kwa hiyo fikirini pamoja nyumbani: nani ameumwa, amekwaruzwa kwa kucha, au amerambwa mahali penye kidonda? Nani alimnywesha dawa? Nani alimtafutia mfupa? Na wale siku za hivi karibuni, kabla sauti haijakauka? Ulizeni pia hao, maana mate ya mbwa huwa na virusi siku chache kabla ya dalili kuonekana.

Waulizeni watoto kwa upole. Mtoto aliyekatazwa kucheza na mbwa ataficha mkwaruzo kwa kuogopa kiboko. Mwambie, "Hutapigwa, niambie tu." Ulimwenguni, karibu watu 4 kati ya kila 10 wanaokufa kwa kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, kwa hiyo mara nyingi huumwa usoni, kichwani au mikononi, na kidonda kilicho karibu na kichwa huvipa virusi safari fupi ya kwenda kwenye ubongo.

Aliyeguswa na mate hayo kwenye kidonda afanye nini? Aoshe. Aoshe hapo hapo, kabla ya kutafuta pikipiki. Tumia maji yanayotiririka na sabuni yoyote, hata sabuni ya kipande ya kufulia. Kama hamna mfereji, mmoja ashike jerikeni amimine polepole, mwingine aoshe. Osheni kwa dakika 15 kamili, mkitazama saa ya simu. Dakika 15 ni ndefu, tena kidonda kinauma, lakini sabuni huviua virusi hivi na maji huviondoa kabla havijashika mishipa. Machoni na kinywani, tumia maji safi peke yake. Baadaye, kama mna aidini au spiriti, pakeni kidonda.

Msipake pilipili, tumbaku, mafuta, kinyesi cha ng'ombe, maji ya betri, wala dawa ya majani. Vitu hivyo huchubua kidonda na kuvisukuma virusi ndani. Msikifunge kidonda kwa kukaza, na msikubali kishonwe kwa haraka kabla mhudumu wa afya hajajua kwamba ni mbwa.

Kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Pigeni simu kwanza, au mwulizeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu, mjue ni wapi chanjo ipo siku hiyo, maana si kila zahanati inayoiweka. Mkifika mkaambiwa imekwisha, msirudi nyumbani. Ombeni barua na mwelekezwe hospitali nyingine, hata kama ni ya kaunti ya jirani. Nauli ya pili ni ghali, najua, na bonasi ya chai haiji kila mwezi. Lakini hii ni safari isiyongoja bonasi.

Sindano zenyewe

Wazee wetu husimulia juu ya sindano nyingi za tumboni. Hizo ziliachwa zamani. Chanjo ya siku hizi huchomwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani. Mpango unaotumika sana ni sindano ya siku ya kwanza, kisha baada ya siku 3, siku 7, siku 14, na siku 28. Hospitali nyingine hutumia mpango mfupi zaidi. Fuata kadi utakayopewa, na usikatize kwa sababu kidonda kimepona. Kidonda kupona si dalili kwamba virusi vimekufa.

Kama meno yameingia ndani ya ngozi, au mate yameingia kwenye kidonda, machoni au kinywani, kuna dawa nyingine inayoongezwa, yaani kingamwili. Hiyo huchomwa ndani na pembeni mwa kidonda chenyewe, ilinde mwili wakati chanjo inajenga nguvu. Uliza juu yake siku ya kwanza. Lakini ikikosekana, usiahirishe chanjo.

Chanjo hii si jambo geni. Mwaka wa 1885 huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule aliishi. Hapa Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mbwa karibu na Nairobi mwaka wa 1912, na kwa mwanadamu mwaka wa 1928, mwanamke mmoja wa upande wa Ziwa Victoria. Zaidi ya miaka 100 imepita na chanjo ipo, lakini watu wapatao 59,000 bado hufa kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Afrika na Asia. Karibu wote waliambukizwa na mbwa.

Kwa nini wanakufa? Kwa sababu ya kungoja. Kwa mwanadamu, dalili huanza mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu baada ya kuumwa, wakati mwingine baada ya wiki moja, na wakati mwingine baada ya mwaka. Katika siku hizo zote mtu hana maumivu, anachuma chai yake, na watu husema, "Si unaona, amepona." Kisha mahali alipoumwa huanza kuwasha, homa huja, akipewa maji koo hubana na huyaogopa. Sauti yake nayo hubadilika, kama ya yule mbwa. Hapo hakuna dawa. Sisi wauguzi tunaweza kumpunguzia mateso tu. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini huyu mwiba hauachi hata mguu.

Maswali mnayouliza mara kwa mara

Mnauliza, "Mbwa aliyetuuma amechanjwa, bado twende?" Ndiyo. Osheni, mwende, na mchukue kadi ya mbwa. Mhudumu ataamua.

Mnauliza, "Je, tumtazame mbwa siku 10 kwanza?" Mtazameni, lakini anzeni sindano leo. Mbwa akiwa angali mzima baada ya siku 10, mhudumu anaweza kuwaambia msimamishe. Akifa, akitoroka au akiuawa, mnaendelea.

Mnauliza, "Mama mjamzito au anayenyonyesha anaweza kuchanjwa?" Anaweza, na anapaswa.

Mnauliza, "Nimechelewa wiki tatu, kuna haja?" Ipo. Kama dalili hazijaanza, nenda leo.

Mnauliza, "Mbwa alimuuma ng'ombe wetu, tunywe maziwa?" Msinywe maziwa ya ng'ombe mgonjwa, na msile nyama yake wala kumchinja. Mtengeni, na mwite daktari wa mifugo. Ng'ombe mwenye kichaa naye hulia kwa sauti iliyokauka na kutoa mate, na wakulima wengi hutia mkono wakidhani amekwamwa na kiazi au gunzi la mahindi. Kanuni ni ile ile: mikono mbali na kinywa.

Kinga iko kwa mbwa

Msikilizaji, njia rahisi kuliko zote ni kumchanja mbwa. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi itunzwe pamoja na zile za kliniki za watoto. Paka naye asisahauliwe. Ikiwa mbwa 7 katika kila 10 wa eneo wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia. Ndiyo njia ambayo Kenya ilichagua katika mpango wake wa mwaka 2014, wenye lengo la kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi huchanja mbwa wakati huo. Muulizeni afisa wa mifugo siku na mahali. Kama kijiji kina mbwa wasio na mwenyewe, zungumzeni katika baraza la chifu.

Basi tukumbuke. Mbwa akikauka sauti, usitie mkono kinywani. Mtazame kwa mbali, mfungie, mwite afisa wa mifugo. Aliyeguswa na mate yake kwenye kidonda aoshe kwa maji na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, na amalize sindano zote.

Leo jioni, kabla hujalala, fanya mambo mawili. Tafuta kadi ya chanjo ya mbwa wako, uone ni ya mwaka gani. Kisha muulize kila mtoto wa nyumbani kama kuna mbwa aliyemkwaruza au kumuuma, na umsikilize bila kumgombeza.